Si koma za marejeo zinazorudisha muswada wako

"Muswada uko tayari, nimeshamaliza APA." Safari hii imetosha. Wanaotoa makala ya kwanza kwenye tasnifu wengi wanaamini kwamba kuandaa muswada kwa ajili ya jarida ni kunyoosha orodha ya marejeo kwa mtindo wa APA, kuweka Times New Roman saizi 12, na kazi imekwisha. Wiki mbili zinaishia kwenye koma na nukta. Muswada ukirudishwa kabla haujafika kwa wahakiki, mwenye nao anarudi kwenye zile zile koma, akidhani ipo moja iliyomponyoka.

Marejeo ndiyo sehemu ambayo majarida mengi makubwa yako tayari kuinyoosha yenyewe. Majarida mengi ya wachapishaji Elsevier hupokea muswada wa mara ya kwanza kwa mtindo wowote wa marejeo, mradi uwe mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukishakubaliwa, wapangaji chapa wanayapitisha kwenye programu zao na kuyavalisha sura ya jarida. Kwa hiyo wanachohitaji kwako ni taarifa zilizo sahihi: waandishi, kichwa cha makala, jarida, mwaka, juzuu, kurasa au namba ya makala, na DOI, ile namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni. DOI ikiwa sahihi, mengine yote yanapatikana. Ikiwa si sahihi, koma hazisaidii kitu. Zile saa unazozimaliza kwenye alama, zitumie kubofya kila DOI na kuona kama inafungua makala ile ile uliyoitaja. Hasa kama rejeo umepewa na programu ya akili unde, maana programu hizo hutunga makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zikiwa na majina ya watafiti halisi na DOI inayofanana na ya kweli.

Majarida madogo ya vyuo vyetu ni habari nyingine. Huko mhariri mara nyingi ndiye mpanga kurasa, na kila nukta usiyoiweka inamwangukia mhadhiri anayehariri baada ya vipindi vyake. Fuata mtindo wao herufi kwa herufi.

Sasa, kinachorudisha miswada. Chukua BMC, wachapishaji wa Malaria Journal, ambako kazi nyingi za ukanda wetu hupelekwa. Ikisiri isizidi maneno 350 na igawanywe: usuli, mbinu, matokeo, hitimisho. Hilo watu wanalijua. Wanalolisahau ni sehemu ya matamko, ile inayokaa kabla ya marejeo: kibali cha maadili na ridhaa ya washiriki, ridhaa ya kuchapisha, upatikanaji wa data, mgongano wa maslahi, ufadhili, mchango wa kila mwandishi, shukrani. Kila kichwa lazima kiwepo. Kama hakikuhusu, unakiweka na kuandika chini yake kwamba hakihusiki. Ukiruka kimoja, ofisi ya jarida inakurudishia faili kabla mhariri hajasoma hata kichwa cha makala yako.

Kwenye kibali cha maadili ndipo ninapochoka kabisa. "Kibali kilipatikana kutoka mamlaka husika" ni sentensi tupu. Andika jina kamili la kamati na namba ya kibali kama ilivyo kwenye barua. Kwa utafiti wa afya Tanzania, kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ni kitu kimoja na ruhusa ya kuchapisha matokeo ni kitu kingine. Barua ya ruhusa huombwa muswada ukiwa umekamilika, kwa hiyo ihesabie muda wake. Kenya, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, haichukui nafasi ya kibali cha kamati ya maadili, vinatajwa vyote viwili. Useme pia ridhaa ilikuwa ya maandishi au ya mdomo, na kama washiriki walikuwa watoto, nani aliridhia kwa niaba yao. Kama ridhaa haikuchukuliwa, kwa mfano ulitumia mafaili ya hospitali, aliyeiondoa lazima awe kamati. Mtafiti hana mamlaka hayo. Na kama data ilikusanywa bila kibali, hakuna namna ya kuandika sentensi hiyo ikakaa sawa. Muswada huo hautibiki kwa uhariri.

Majina ya waandishi yafuate masharti manne ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, na yote manne kwa pamoja: mchango halisi kwenye wazo, data au uchambuzi; kuandika au kuhakiki kwa kina; kuidhinisha nakala ya mwisho; kukubali kuwajibika. Mkuu wa idara aliyesaini barua ya kwenda uwandani anashukuriwa, haorodheshwi. Mfumo wa CRediT wenye majukumu 14, unaotaja kila mwandishi alifanya nini, uliletwa kusaidia hapa, ila nina mashaka nao: mtu aliyewekwa kwa heshima anapewa "usimamizi" na "uhakiki wa muswada", na jedwali linapendeza bila kubadilisha chochote. Lijaze, kwani unadaiwa. Lakini maelewano kuhusu majina na mpangilio wake yafanyike kabla ya kuandika, si siku ya kuwasilisha. Kila mwandishi aamue pia jina lake litaandikwaje maisha yake yote. Anayekuwa Juma Ali mwaka huu na J. A. Mwinyi mwaka ujao anahesabiwa na hifadhidata kuwa watu wawili, na dawa yake ni ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, ambayo hutolewa bure.

Nije kwenye vielelezo, ambako ndiko kuna imani mbaya kuliko hata ile ya koma: ile ya "nimeweka dpi 300".

Dpi peke yake haina maana. Ni hesabu ya pikseli kwa kila inchi, na inchi zenyewe hazijulikani mpaka ujue kielelezo kitachapwa kwa upana gani. Majarida mengi ya Springer yenye safu mbili yanataka milimita 84 kwa safu moja au 174 kwa ukurasa mzima. Milimita 84 ni inchi 3.3, ukizidisha kwa 300 unapata pikseli 992. Kwa milimita 174 ni pikseli 2,055. Hizo ni picha za kawaida, kama ya hadubini. Michoro ya mistari mitupu inadaiwa 1,200 kwa inchi, yaani karibu pikseli 3,970 kwa safu moja, na picha zenye maandishi juu yake 600. Jarida la PLOS ONE linataka faili la aina ya TIFF au EPS, upana usiozidi pikseli 2,250 kwa dpi 300. Kwa hiyo kitu cha kukagua kwenye faili lako ni idadi ya pikseli.

Ukichukua picha ya pikseli 500, ukaifungua kwenye programu na kubadilisha 72 kuwa 300, mambo mawili yanawezekana. Ama pikseli zimebaki 500 na picha imekuwa ya sentimita nne, ama programu imebuni pikseli mpya kwa kukisia zilizo jirani, na ukungu ule ule sasa una faili kubwa zaidi. Taarifa iliyopotea hairudi. Unarudi kwenye programu yako ya takwimu, R, Stata au SPSS, na unatoa mchoro upya.

Inapotelea wapi? Kwanza kwenye Word, ambayo kwa kawaida yake hushusha picha hadi 220 kwa inchi unapohifadhi. Zima hilo kwenye mipangilio ya "Advanced", kwa kuweka tiki palipoandikwa "Do not compress images in file", kabla hujabandika picha ya kwanza. Pili kwenye WhatsApp: kielelezo kilichotumwa kama picha kimeshabanwa, kitume kama faili. Tatu kwenye kupiga picha skrini ya matokeo. Nne kwenye JPEG, ambayo inafaa kwa picha za kamera lakini huacha uchafu kuzunguka herufi na mistari ya chati.

Njia iliyo salama ni kutoa chati kama vekta, EPS au PDF, inayohifadhi mistari na maumbo yenyewe na haina pikseli za kuhesabu. Bado hiyo haikuokoi na ukubwa wa herufi. Chati iliyochorwa kwa upana wa milimita 170 ikiwa na herufi za pointi 10, ikipunguzwa hadi 84, herufi zinashuka hadi karibu pointi 5, na hakuna anayezisoma. Weka upana wa mwisho tangu unapochora. Kwenye R, tumia amri ya ggsave na upana wa 84, kipimo "mm", herufi za pointi 8 au zaidi. Kisha ichape kwa asilimia 100 kwenye karatasi ya kawaida. Ukilazimika kuisogeza karatasi machoni, hujamaliza. Kichwa cha kielelezo kisiwe ndani ya picha, kinakaa kwenye maelezo yake ndani ya muswada. Maelezo hayo yaseme idadi ya washiriki na vile vijiti vya juu na chini ya pau ni kitu gani: mkengeuko sanifu, kosa sanifu au masafa ya kujiamini (confidence interval) ya 95%. Vitatu hivi vinatofautiana mno kuachiwa msomaji akisie.

Nikiri kwamba hili sharti la pikseli 1,200 kwa inchi linanipa shaka. Ni urithi wa mitambo ya uchapaji, na wasomaji wengi leo wako kwenye simu. Lakini mkaguzi wa faili hasikilizi hoja hiyo.

Majedwali: tumia zana ya jedwali ya Word, kila thamani kwenye kisanduku chake. Usipange safu kwa kubonyeza nafasi, wala usibandike jedwali kama picha. Na ile P = 0.000 ya SPSS haipo duniani. Programu imekata tarakimu tu. Andika P < 0.001. Asilimia zenye desimali mbili kwa washiriki 37 ni usahihi wa uongo, kwani mtu mmoja tu ni asilimia 2.7.

Utafiti wa kuangalia bila kuingilia kati una orodha ya STROBE ya mambo ambayo makala lazima iyaripoti, vipengele 22. Mapitio ya kimfumo yana orodha yake, PRISMA ya 2020, vipengele 27. Watu huzijaza jioni ya mwisho kwa kubandika namba za kurasa. Mhakiki akifungua ukurasa wa 6 kutafuta jinsi ukubwa wa sampuli ulivyokokotolewa na asiukute, umepoteza imani yake kwa makala nzima. Ijaze kabla ya rasimu ya pili, ikuonyeshe unachodaiwa.

Nafasi mbili kati ya mistari, namba za mistari zinazoendelea bila kuanza upya kila ukurasa, namba za kurasa. Dakika tano.

Faili la Word lenye marejeo yaliyoingizwa na Zotero, programu ya kupanga marejeo, lisifunguliwe kwenye Google Docs wala kwenye programu ya simu na kuhifadhiwa huko. Viungo vinakatika, namba zinabaki maandishi makavu, na rejeo jipya likiongezwa katikati namba zote zinazofuata zinakuwa za uongo bila mtu kuona. Waandishi wenza waandike maoni kwenye PDF, mtu mmoja ayaingize.

Kama uhakiki ni wa kutojuana, kufuta majina kwenye ukurasa wa kwanza hakutoshi. Shukrani zinakutaja. "Katika utafiti wetu wa awali" inakutaja. Namba ya kibali inataja chuo chako. Sifa za faili zina jina la mwenye kompyuta, zisafishe kwa kikaguzi cha Word (Document Inspector).

Na mwisho kabisa: mifumo ya kuwasilishia miswada kama Editorial Manager, baada ya kupandisha mafaili, huunganisha kila kitu kuwa PDF moja na kukusubiri. Ifungue, uipitie yote: vielelezo vyote vipo, alama za ≥ na µ hazijageuka visanduku, mabadiliko yaliyofuatiliwa hayaonekani pembeni. Kisha bofya kuidhinisha. Usipobofya, muswada unabaki kwenye akaunti yako ukisubiri idhini ya mwandishi, na mhariri hajui kama upo. Wapo wanaokaa miezi wakilalamika jarida halijibu. Ingia leo kwenye akaunti yako uangalie.