Je, Wajua Kwa Nini Macho Mekundu Hayatoshi Kumtambua Mwanafunzi Anayetumia Dawa za Kulevya?

Asubuhi, mstarini, katika shule moja ya sekondari jijini Tanga. Mwalimu wa zamu anapita kati ya mistari, anasimama mbele ya kijana wa kidato cha pili na kumkazia macho. Macho ya kijana ni mekundu. "Wewe, toka mbele." Shule nzima inageuka kutazama, na kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza kijana ameshabatizwa jina: mvuta bangi.

Sasa tuseme kijana huyo anakaa Sahare. Usiku kucha alikuwa baharini na mjomba wake wakivua dagaa kwa taa, na macho yameiva kwa chumvi, upepo na kukesha. Msokoto hajaushika maishani mwake. Mstari wa nyuma yake amesimama mwenzake mwenye macho meupe pe, maana huyo anajua la kufanya: mfukoni ana kichupa cha dawa ya macho, na kabla ya kuingia getini ameshajidondoshea.

Ni kweli bangi huleta wekundu. Kiambata chake cha kulevya hutanua vimishipa vya damu vya jicho, damu ikajaa na jicho likaiva. Lakini hali hiyo huisha baada ya saa chache, na mambo mengine mengi huleta wekundu uleule: moshi wa kuni, mzio, ugonjwa wa macho, vumbi la njiani kwa anayekuja na baiskeli. Jicho linakueleza ya asubuhi hii. Shule inahitaji kujua ya mwezi mzima.

Kinachosema zaidi ya dalili yoyote moja ni mabadiliko, na mabadiliko huyaona yule anayejua mtoto alivyokuwa. Ndiyo maana mara nyingi wa kwanza kung'amua si mwalimu wa nidhamu. Ni mlinzi wa getini, anayejua nani alikuwa anawahi na sasa anachelewa kila Jumatatu. Ni mama lishe, anayeona mteja wake wa chapati mbili sasa anaomba akopeshwe moja, au hali kabisa. Ni matroni wa bweni, ni mwalimu wa michezo. Nimeona watu hawa wakiachwa nje ya kikao kila shule inapojadili dawa za kulevya, na nadhani hapo ndipo tunapopoteza nusu ya habari.

Tanga ni mji wa baiskeli, basi tazameni hata baiskeli. Mtoto anayetafuta pesa ya siri huanza na vitu vidogo: kengele ya baiskeli inapotea, kisha taa, kisha keria, halafu siku moja anakuja kwa miguu na kusema baiskeli iko kwa fundi. Wiki tatu baadaye bado iko kwa fundi. Ukiunganisha hilo na alama zilizoporomoka, marafiki wa zamani aliowaacha ghafla, hasira za jambo dogo na mikono mirefu ya shati inayofungwa hadi kwenye vifungo vya mwisho wakati wa joto la Februari, umepata sababu ya kumwita na kuzungumza naye. Hujapata ushahidi wa kumhukumu. Kufiwa, njaa, kunyanyaswa nyumbani, sonona: yote haya yanaweza kumgeuza mtoto vivyo hivyo, na yote yanastahili mazungumzo yaleyale.

Kila kilevi nacho kina alama zake. Anayekula mirungi huchangamka kupita kiasi, husema sana, mboni hutanuka, mdomo hukauka, usiku halali na hamu ya chakula hana. Kesho yake analala juu ya dawati. Majani hayo huliwa yakiwa mabichi kwa sababu kiambata chake chenye nguvu, kathinoni, huvunjika yanaponyauka. Kwa wenzetu Kenya ni biashara halali, huku kwetu ni haramu kisheria, na mpaka wa Horohoro uko humu humu mkoani, wilaya ya Mkinga. Pombe na gongo hutambulika kwa harufu. Gundi na petroli pia, pamoja na vipele vya kuzunguka mdomo na pua. Kwa mtoto aliyenusa vitu hivi kuna onyo moja ambalo ningependa kila mwalimu alijue: usimkurupushe wala usimkimbize. Mvuke ule huufanya moyo uwe mwepesi kuyumba, na mshtuko wa kukimbizwa unaweza kuusimamisha papo hapo. Mwendee taratibu, mkalishe penye hewa.

Unga, yaani heroini, ndio unaotupoteza zaidi, kwa sababu mtumiaji wake ana sura mbili. Akiwa ameutumia, mboni husinyaa zikawa kama tundu la sindano hata akiwa kivulini, anajikunakuna, anasinzia akiwa amekaa na kuzinduka katikati ya sentensi. Akiukosa, kwa kawaida ndani ya nusu siku hadi siku moja, inamjia arosto: makamasi, machozi, miayo mfululizo, vinyweleo kusimama, jasho na baridi kwa pamoja, maumivu ya mifupa, tumbo kukata na kuharisha.

Mtu wa Tanga akisikia hivyo atasema nini? Malaria. Na mwalimu ataandika ruhusa ya kwenda zahanati, bila kosa lolote. Cha kuangalia ni mwendo wa ugonjwa wenyewe. Malaria haiponi kwa kutoka nje ya geti dakika arobaini. Mtoto anayeomba ruhusa akiwa anatetemeka, akarudi kabla ya chakula cha mchana ametulia tuli, na hali hiyo ikajirudia kila baada ya siku chache, anahitaji kupimwa malaria na pia kuulizwa mengine. Yote mawili, kwa sababu malaria nayo ipo.

Shule nyingine hukimbilia vipimo vya mkojo. Navielewa, lakini vina mipaka. Kwa anayevuta bangi kila siku, kipimo kinaweza kuonyesha hata wiki kadhaa baada ya kuacha, wakati heroini hupotea ndani ya siku chache, na gundi vipimo hivi vya kawaida haviioni kabisa. Kitumike hospitalini, na mtaalamu, kama sehemu ya matibabu.

Tuje kwenye la kufanya. Jibu letu la zamani ni fimbo, na baada ya fimbo barua ya kufukuzwa. Kanuni za nchi zinasema viboko visizidi vinne, na avitoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi. Lakini tuache sheria kidogo tuutazame ubongo. Dawa za kulevya huufurisha ubongo kwa dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kwamba jambo hili lirudiwe, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu "ngoja, fikiri", haikomai hadi miaka ya ishirini na tano hivi. Mtoto wa miaka 15 ana mafuta mengi na breki changa. Maumivu ya kiboko hayaongezi breki. Yanaongeza kitu kimoja zaidi cha kukimbia. Ukimfukuza, umemkabidhi kwa kijiwe saa zote za mchana.

Anza na daftari. Andika ulichokiona na tarehe yake, si ulichokidhani: "Jumanne, alilala vipindi viwili, hakuamka alipoguswa begani." Usiandike "anavuta." Baada ya wiki mbili ukurasa huo utakuwa na maana, na mwalimu wa unasihi atakuwa na cha kushika.

Kisha mazungumzo. Yasiwe ofisini kwa walimu ambako watu kumi wanasahihisha madaftari huku masikio yao yakiwa kwenu, na yasiwe wakati mtoto amelewa. Kaeni chini ya mwembe, mwalimu mmoja anayeaminiwa na mtoto, na maneno yaanze na yale uliyoyaona. "Mwanangu, wiki hizi mbili nimekuona umenyamaza, na Jumanne ulilala mpaka nikaogopa. Kuna nini?" Halafu nyamaza. Ukiuliza "Unavuta bangi?", jibu ni hapana, na mlango umejifunga. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie kwamba hutalitangaza, ila likihusu usalama wake utamshirikisha anayeweza kusaidia, naye atajua kabla.

Sisi watu wa pwani tuna neno sitara, na hapa tunalihitaji kwa maana yake kamili. Kumsitiri mtoto ni kutomtoa mbele ya mstari, kutomwita teja, kutolifanya jina lake kuwa hadithi ya kijiweni. Kuficha ni jambo lingine. Mkuu wa shule anayenyamaza ili shule isichafuke jina hamsitiri mtoto. Anaisitiri shule, na mtoto anazidi kuzama.

Ukikuta kete au msokoto, usiuonje wala kuunusa, na usiutie kwenye droo yako. Kukutwa nazo ni kosa kisheria, nawe si polisi. Mwite mwenzako awe shahidi, mkabidhini mkuu wa shule, naye apeleke panapostahili. Na mkimkuta mtoto haamki, anapumua kwa shida au polepole mno, midomo imebadilika rangi, hapo hakuna mahojiano. Mlazeni ubavu, msimpe maziwa, msimtapishe, msimmwagie maji. Tafuteni gari la kwenda hospitali na mwambieni daktari kila mnachojua alitumia. Ipo dawa, naloksoni, inayoizuia heroini ndani ya dakika chache, lakini daktari lazima ajue.

Mzazi naye aitwe kwa akili. "Njoo na mzazi" kwa mtoto wetu maana yake ni kipigo, na wengine hawarudi kabisa. Muulize mtoto: kati ya baba, bibi na shangazi, nani akisikia atakaa kitako akasikiliza? Anza na huyo. Afisa ustawi wa jamii ashirikishwe pale nyumbani penyewe ndipo tatizo lilipo. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, na 119 ni ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Zote hupigwa bure. Kwa Tanga, hospitali ya rufaa ya Bombo ndiko kwa kuelekea, na waraibu wa heroini hupata huko huduma ya methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, kila mmoja kwa uamuzi wa daktari.

Linalosahauliwa ni siku ya kurudi. Mtoto anarudi darasani akiwa nyuma vipindi vya mwezi mzima, dawati lake limekaliwa, na njia ya nyumbani inapita kwenye kijiwe kilekile. Huenda akarudia, waraibu wengi hurudia zaidi ya mara moja kabla ya kuacha, na anayerudia hurudishwa kwa daktari kama anayerudiwa na pumu. Kwa hiyo kabla hajafika, mwalimu wa darasa amtafutie daftari la mwenzake la kunakili, na saa tisa na nusu, kengele ya kutoka ikilia, awepo mwenzake mwenye baiskeli wa kumpakia nyuma na kupita naye barabara nyingine.