Jaribio la zebaki halipimi spana ya fundi

Nati nyingine ya brasi, yaani aloi ya shaba na zinki, imefika mezani kwangu, imepasuka ubavuni kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Imeletwa pamoja na cheti cha maabara na swali lile lile: "Ilifaulu jaribio la zebaki, sasa imepasukaje?" Nimechoka kulijibu kwa simu.

Jaribio la zebaki hujibu swali moja tu. Unasafisha kipande, unakizamisha nusu saa kwenye myeyusho wa naitrati ya zebaki uliotiwa asidi ya naitriki, unakitoa, unatafuta nyufa. Zebaki hupenya mipakani mwa chembe za metali na kupapasua pale panapovutwa. Inachofichua ni mkazo, yaani nguvu ya kuvuta, uliobaki ndani ya kipande tangu kiwandani, kilipokunjwa au kubanwa kikiwa baridi. Siku hiyo nati imelala peke yake ndani ya bika. Haijafungwa popote!

Kisha inafika kwa fundi. Hesi amezizungushia tepu nene, spana ameirefusha kwa kipande cha bomba, na anakaza mpaka mikono itetemeke. Mkazo huo ni mpya, unauvuta ukuta wote wa nati usiku na mchana, na hakuna cheti kilichoupima. Nati hii ilifungwa kwenye banda la kuku: kinyesi kinatoa amonia, hewa ina unyevu, na brasi yenye zinki zaidi ya asilimia 15 iko hatarini kupasuka hapo. Kuipasha moto kiwandani kwa nyuzi 250 hadi 300 huondoa mkazo wa kiwanda. Wa spana hakuuondoi.

Si jambo jipya. Jeshi la Waingereza nchini India lilihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi, na majira ya mvua maganda ya brasi yakapasuka. Mwaka 1921 watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza chanzo: amonia ya mkojo wa farasi, pamoja na mkazo uliobaki kwenye ganda.

Kwa hiyo ombeni jaribio la mvuke wa amonia, kiwango cha kimataifa ISO 6957, saa 24, na nati ikiwa imekazwa kama itakavyokazwa kazini. Nalo lina utata wake. pH ya myeyusho, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wake, huchaguliwa kulingana na ukali wa mazingira, na kuchagua huko ni uamuzi wa mtu. Saa 24 za mtungini sijui kuzigeuza kuwa miaka ya bandani, na simwamini anayedai kuweza. Tena, ufa mdogo chini ya hesi hufanana sana na alama ya kisu cha mashine. Kuna vipande nilivyovikata, nikavitazama kwa hadubini, nikalazimika kubadili ripoti.

Kuondoka kwa zinki, yaani zinki kuliwa na kuiacha shaba dhaifu, ni tatizo jingine, na lina jaribio lake. Msiyachanganye.

Nati ikipasuka, msiifungue. Kateni bomba pande zote mbili, mniletee ikiwa bado imekazwa.