Mshale haukutoboa kila deraya: dhana potofu za wasomaji wa riwaya za vita

Napenda riwaya za wapiga mishale wa Kiingereza, hasa zile zisizomwonea haya msomaji: tope hadi magotini, kuhara damu, farasi aliyejeruhiwa akilia usiku kucha. Nyingi zinasimulia Vita vya Miaka Mia, vilivyopiganwa kati ya Uingereza na Ufaransa kuanzia 1337 hadi 1453. Ila kila nikizungumza na wasomaji wenzangu nasikia mambo yaleyale yakisemwa kama vile kila mtu ameshakubali. Mengine hayana ukweli, na mengine yana ukweli nusu. Uchungu wangu ni kwamba yaliyotokea hasa ni mazito kuliko yale tunayoyabuni.

“Mshale wa Kiingereza ulipenya deraya yoyote”

Picha tunaijua sote. Bwana wa Kifaransa amevaa deraya ya chuma toka utosini hadi unyayoni, mshale unamwingia kifuani, anaanguka kutoka juu ya farasi. Mwaka 2019 mafundi na wanahistoria huko Uingereza walilijaribu jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Walichukua upinde ambao kuuvuta kunahitaji nguvu ya pauni 160, yaani kilo 72 hivi, wakaupiga dhidi ya bamba la kifuani lililofuliwa kwa mfano wa deraya za wakati ule. Bamba halikutoboka. Mishale iliteleza au kuvunjika, na vipande vyake vikaruka kuelekea shingoni.

Kazi ya mishale ilikuwa nyingine, na mapigano ya Agincourt huko Ufaransa, ya Oktoba 25, 1415, ambayo Waingereza walishinda, yanaionyesha vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya shamba lililotoka kulimwa. Wapanda farasi wa Kifaransa walitumwa mapema kuwatawanya wapiga mishale. Wakakuta vigingi vilivyochongwa ncha na kukitwa ardhini, na farasi wao, ambao hawakufunikwa chuma kila mahali, wakachomwa na mishale, wakageuka na kuwakanyaga watu wao wenyewe. Waliofuata walikuja kwa miguu. Kila mmoja aliinamisha kichwa, kwa sababu matundu ya macho na ya pumzi ndiyo yaliyokuwa hatarini. Hebu fikiria kutembea mamia ya hatua kwenye tope, umebeba chuma, huoni mbele, na mlio wa mishale juu ya kofia yako haukomi. Pande mbili kulikuwa na misitu, wa Agincourt na wa Tramecourt, na waliokuwa nyuma waliendelea kusukuma. Aliyeanguka hakuweza kuinuka, maana mwenzake alikuwa amekwisha kumwangukia. Wengi walikufa kwa kukosa hewa, bila jeraha.

Hapo ndipo wapiga mishale walipoweka pinde chini, wakaingia na mashoka, panga na nyundo za kupigilia vigingi. Walikuwa wepesi, maana wengi hawakuwa na deraya. Waandishi wa wakati huo wanasema walivaa makoti yaliyoshonwa kwa pamba, na wengine kofia za ngozi iliyochemshwa. Riwaya inayoishia kwenye mvua ya mishale imeruka nusu nzima ya mauaji ya siku ile.

“Mkulima yeyote angeweza kupewa upinde akaenda vitani”

Mwaka 1545 meli ya kivita Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth. Ilipoinuliwa mwaka 1982, pamoja na vitu vingine vingi zilipatikana pinde zaidi ya 130 zikiwa kamili, za mti uitwao yew, nyingi zikikaribia urefu wa mita mbili. Wataalamu walikadiria kuwa kuzivuta kulihitaji nguvu ya kuanzia kilo 45 hivi hadi kuzidi 80. Mabaki ya mabaharia na askari waliokufa humo nayo yana la kusema. Idadi isiyo ya kawaida kati yao walikuwa na mfupa wa juu ya bega ambao haukuungana vizuri ukubwani, jambo ambalo watafiti wengi wanalihusisha na kuvuta upinde mzito tangu utotoni.

Ndiyo maana mfalme wa Uingereza Edward III aliagiza mwaka 1363 kwamba wanaume wenye afya wafanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu, akakataza mpira na michezo mingine. Huwezi kumfundisha mtu kazi hii kwa mwezi mmoja. Na ile sehemu ambapo nahodha anawaambia watu wake wavute, kisha wangoje, wangoje, hadi adui afike? Hakuna bega linalostahimili kilo 70 kwa kungoja. Unavuta kwa mgongo mzima, unaachia.

Msomaji wa pwani ya Kenya asishangae sana. Wawata, ambao majirani huwaita Waliangulu, waliwinda tembo kwa pinde zilizopimwa zikazidi kilo 45, na mishale ya sumu. Mwandishi anayetaka kueleza jinsi mwili unavyojengwa na upinde angejifunza mengi kwao.

“Walikuwa maskini waliokokotwa na bwana wao”

Jeshi la Henry V, mfalme wa Uingereza aliyepigana Agincourt, lilikuwa la mikataba. Mpiga mishale katika safari ya 1415 alilipwa peni 6 kwa siku, nusu ya peni 12 za askari mwenye deraya kamili, na hizo hazikuwa pesa haba: zililingana na ujira wa fundi stadi au kuupita kidogo. Daftari za majina na mishahara zipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka za taifa, Kew, London. Walikuwemo wenye mashamba yao, vijana wadogo wa koo zenye jina, watu kutoka Wales na Cheshire, na wahalifu waliotafuta msamaha wa mfalme.

“Mshale ukikuingia usoni, umekwisha”

Hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu kisa kinachoikanusha kinamhusu Henry V mwenyewe, na ni cha kushangaza kuliko mengi yaliyobuniwa.

Julai 21, 1403, katika mapigano ya Shrewsbury, alikuwa mwana wa mfalme mwenye umri wa miaka 16. Mshale ulimwingia usoni kando ya pua. Mti wake ulitolewa, lakini chembe cha chuma kikabaki ndani kabisa ya mfupa, inchi sita kwenda chini, yaani sentimita 15 hivi. Alipelekwa Kenilworth. Matabibu walijaribu dawa zao bila mafanikio, mpaka akaitwa mpasuaji wa London, John Bradmore.

Bradmore aliandika alichofanya, na maandishi yake tunayo. Alitengeneza vijiti vidogo kwa moyo wa mti, akavifunga kwa kitani safi na kuvichovya katika asali iliyotiwa waridi. Akawa anaviingiza kwenye jeraha, kila mara kikubwa kidogo kuliko cha kwanza, ili njia ipanuke. Kisha akabuni koleo nyembamba yenye skrubu katikati. Akaiingiza hadi ndani ya tundu la chembe, akakaza skrubu ili koleo litanuke na kushika, akatikisa huku na huku, akavuta. Kikatoka. Akasafisha jeraha kwa divai nyeupe, na siku zilizofuata akatumia dawa yenye asali, akifupisha vijiti kidogo kidogo ili nyama ijijaze kutokea chini. Baada ya siku 20 hivi jeraha lilikuwa limepona. Kijana yule ndiye aliyesimama Agincourt miaka 12 baadaye, na bila shaka alikuwa na kovu. Wakati wa kusoma kuhusu “matabibu wachafu wa zama za giza”, mkumbuke Bradmore na asali yake.

“Wafaransa waliwakata vidole wapiga mishale, ndipo ikaja ile ishara ya vidole viwili”

Waandishi wa karne ya 15 wanasema Henry aliwaambia watu wake kwamba Wafaransa wameapa kukata vidole vitatu vya mkono wa kulia vya kila mpiga mishale watakayemteka. Hayo ni maneno ya kuwatia watu hamasa kabla ya vita. Kuihusisha ishara ile, ambayo kwa Waingereza ni tusi, na Agincourt ni hadithi iliyozuka baadaye sana.

“Wachache waliwashinda watu sita kwa mmoja”

Anne Curry, mwanahistoria aliyezichambua daftari za mishahara, anakadiria kwamba Agincourt walikuwapo Waingereza karibu 9,000 dhidi ya Wafaransa 12,000 hivi. Wengine wanawapa Wafaransa idadi kubwa zaidi. Vyovyote iwavyo, kabla ya hapo jeshi la Henry lilikuwa limekwisha kudhoofishwa na tumbo. Waliuzingira mji wa Harfleur tangu Agosti, na ulipojisalimisha Septemba 22, wagonjwa zaidi ya elfu moja walirudishwa nyumbani kwa sababu ya kuhara. Waliobaki walifungasha chakula cha siku nane, wakatembea zaidi ya wiki mbili.

“Mhusika mkuu ni mpiga mishale, basi alikuwa mtu mwema”

Waandishi hupenda kumpa mpiga mishale dhamiri safi. Anamwokoa msichana, anamchukia askari mkatili wa kambi yake. Lakini alasiri ya Agincourt, ilipohofiwa kwamba Wafaransa wanajipanga upya, Henry aliamuru mateka wauawe. Waliowateka walisita, maana kila mateka alikuwa fidia inayotembea. Masimulizi ya wakati huo yanasema mfalme alimteua askari mmoja pamoja na wapiga mishale 200 waifanye kazi hiyo, nao wakaifanya. Riwaya inayomwaga damu kurasa mia tatu kisha inampitisha shujaa wake mbali na jambo hili haijathubutu, hata ikiwa na tope kiasi gani. Nataka awe mmoja wa wale 200. Nataka nijue alifikiri nini alipofika kwa mtu wa kwanza.

“Upinde ndio ulioshinda vita”

Crécy 1346, Poitiers 1356, Agincourt 1415. Riwaya zinaruka kutoka ushindi mmoja hadi mwingine, na msomaji anaufunga mwisho wa kitabu akidhani Uingereza ilitwaa Ufaransa. Ilishindwa. Mwaka 1453 huko Castillon jeshi la Kiingereza lilisagwa na mizinga, na baada ya hapo Waingereza walibaki na Calais tu.

Kabla yake kulikuwa na mapigano ya Patay, Juni 18, 1429, ambayo Waingereza walishindwa na karibu hakuna anayeyaandika. Ni riwaya hiyo ninayoitamani: wapiga mishale wamepewa nafasi yao kwenye njia, wameanza kutayarisha vigingi, na hawajamaliza. Mmoja wao ameshika nyundo mkononi, amepiga magoti, kigingi kimesimama upande. Nyuma yake wapanda farasi wa Kifaransa wameshatokea juu ya kilima, nao hawakusimama kujipanga.