Kugonga jiwe si kufika kwenye mwamba

Kiangazi kikiingia, maombi ya vibali vya kujenga ghorofa huongezeka hapa Mwanza, na tukidai ripoti ya upimaji wa udongo wa kiwanja, swali hurudi lilelile: "Mhandisi, huku kwetu ni mawe matupu, udongo wa kupima uko wapi?"

Uko chini ya hayo mawe. Graniti ya Mwanza imeoza kwa miaka mingi kufuata nyufa zake. Kilichosalia ni majabali ya mviringo, kama yale mnayoyaona yamebebana Mabatini na Capri Point, na mengi mengine yamezama ardhini yakizungukwa na mchanga na udongo laini. Sururu ikigonga jiwe, fundi hutangaza amefika kwenye mwamba. Kiwanja kimoja cha mteremkoni tulitoboa jiwe gumu kwa zaidi ya mita moja. Chini yake sampuli ilitoka changarawe ya njano yenye unyevu, nikaivunja kwa vidole viwili. Ndiyo maana tunataka mashine itoboe angalau mita 3 mfululizo za jiwe lisilokatizwa na udongo. Nguzo moja ikikaa juu ya jabali na ya pili juu ya udongo, jengo hutitia upande mmoja.

Mabondeni ni habari nyingine. Wakulima wa Kisukuma wametenganisha udongo kwa majina tangu zamani: luseni ni ule wa mchanga wa mteremkoni, mbuga ni ule mweusi wa bondeni, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kabla ya kununua kiwanja, muulize mzee wa hapo udongo wake unaitwaje.

Maji ya chini ya ardhi hayapimwi siku ileile ya kutoboa. Kwenye udongo wa mfinyanzi huingia polepole. Shimo lililokuwa kavu jioni, asubuhi lina maji. Tunashusha bomba lenye matundu, tunafunika mdomo, tunasoma kina baada ya saa 24, kisha tunarudia wakati wa masika. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi likaingia kwenye nyumba za pwani yake, na kwenye viwanja vya karibu maji ya ardhini hupanda pamoja na ziwa. Kipimo cha Agosti peke yake hakitoshi.

Ripoti ioneshe mahali pa kila shimo, kina, tarehe, na idadi ya mapigo ya kuzamisha bomba la kupima ugumu wa udongo: nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka sentimita 76, bomba huzamishwa sentimita 45, na yanayohesabiwa ni mapigo ya sentimita 30 za mwisho. Iwe na sahihi na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ripoti ya kiwanja cha jirani hatuipokei. Zipo zilizoletwa na jina jipya limebandikwa juu ya la zamani. Tafadhali, tusifanyiane hivyo.

Anayejenga bila kibali hupewa notisi ya kusimamisha kazi, na akikaidi anaweza kuamriwa kubomoa kwa gharama zake. Aidha, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Udongo uwe mzuri namna gani, katazo hilo liko palepale.

Mkishachimba msingi, msimwage zege kabla mhandisi hajashuka mtaroni. Akikuta udongo usiofanana na ulioandikwa kwenye ripoti, mafundi wasubiri hadi michoro ipitiwe upya.