Je, wajua kwa nini bakteria wa tumbo "hurudi" baada ya dozi?

Mtu amemaliza dozi na kupata nafuu. Miezi michache baadaye, kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo yameanza upya. Anapima, anaambiwa H. pylori wamo tena. Wametoka wapi? Mara nyingi hawakuwa wameondoka.

Helicobacter pylori ni kiumbe sugu kwelikweli. Hutengeneza kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, akapunguza makali ya asidi inayomzunguka, kisha hujichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo. Huko dawa humfikia kwa shida. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, kwa kawaida siku 14. Anayeacha siku ya tano kwa sababu maumivu yametulia huwaacha bakteria wakiwa hai, na hao huzaliana upya. Marejeo mengi ya namna hii huonekana ndani ya mwaka wa kwanza.

Kuna pia usugu wa dawa. Katika nchi nyingi zinazoendelea, metronidazole, mojawapo ya antibiotiki hizo, imetumika miaka na miaka kutibu amiba na maambukizi mengine, mara nyingi bila cheti cha daktari. Bakteria wa tumboni nao wameizoea. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwaweka H. pylori wasiosikia clarithromycin, antibiotiki nyingine ya dozi hiyo, kwenye orodha ya vimelea vinavyohitaji dawa mpya kwa haraka.

Maambukizi mapya nayo yapo. Bakteria hawa hupita mdomo kwa mdomo, au kutoka kwenye kinyesi kupitia maji na mikono, na wengi wetu huwapata utotoni kutoka kwa watu wa nyumbani. Ukitibiwa peke yako katika nyumba yenye watu wengi wanaowabeba na maji yasiyo salama, hatari hubaki palepale. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba katika nchi tajiri wagonjwa wapatao 3 kati ya 100 waliopona hukutwa tena na bakteria kila mwaka. Katika nchi zinazoendelea ni takriban 13.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kipimo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, si bakteria wenyewe, na kingamwili huweza kubaki mwilini miezi mingi, hata miaka, baada ya mtu kupona. Hivyo wapo wanaomezeshwa dozi ya pili na ya tatu kwa ugonjwa uliokwisha. Cha kuthibitisha ni kipimo cha pumzi au cha choo, kifanywe walau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazole (dawa ya kupunguza asidi) isitishwe wiki mbili kabla kwa ushauri wa daktari. Majibu yakitoka safi na tumbo bado linauma, mtafute mchawi mwingine: aspirini na ibuprofen, kwa mfano, huchimba vidonda bila msaada wa bakteria yeyote.