Dawa za presha na sukari zinamaliza hela: maswali ninayoulizwa sana kaunta

Nafanya kazi famasi, na kila wiki wapo wanaohesabu noti mara mbili mbili halafu wananiambia "nipe vidonge vitano tu, vingine nitafata mwisho wa mwezi", na wengi hawarudi. Inaniuma kwa kweli, maana wengine hela wanayolipa ingeweza kupungua na dozi ikabaki kamili. Haya ndo wanayoniuliza.

Swali: Daktari kaniandikia Norvasc, famasi wamenipa nyingine ya bei chee. Si feki hiyo?

Jibu: Shika boksi uliangalie. Norvasc ni jina la biashara la dawa ya presha, ila chini yake kwa herufi ndogo kumeandikwa amlodipine, hilo ndo jina la dawa yenyewe. Viwanda vingine vya India na kwingineko vinatengeneza amlodipini hiyo hiyo, miligramu zile zile, na ili iuzwe Tanzania lazima isajiliwe na TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa. Kinachopishana ni jina, boksi, rangi ya kidonge na bei. Kwenye sukari ni vile vile, Glucophage ni metfomini. Kwa hiyo ukifika dirishani uliza "hii ipo ya kampuni nyingine yenye bei nafuu?", usione aibu kabisa, halafu pita na famasi ya pili na ya tatu ulinganishe. Ila nunua kwenye duka lenye kibali, sio kwa mtu anayetembeza dawa stendi. Na kama ni dawa za kifafa usibadilishe kampuni mpaka daktari wako ajue.

Swali: Mama anameza dawa sita kila siku, hela hatuna, tuache ipi?

Jibu: Msiache yoyote kwa kukisia. Zibebeni zote kama zilivyo, na maboksi yake, mwende kwa mfamasia au daktari azimwage mezani aangalie moja moja. Kuna mama alikuja kwangu na dawa zake kazifunga kwenye kona ya kanga, tukazipanga kaunta, nikakuta maboksi mawili yenye majina tofauti na rangi tofauti, moja kaandikiwa kwenye kliniki ya sukari na jingine hospitali nyingine alikoenda na presha, kumbe yote mawili ni amlodipini. Alikuwa anameza miligramu 10 asubuhi na 10 usiku wakati mwisho kwa siku ni 10, miguu ikamvimba (amlodipini ikizidi inavimbisha miguu), akaenda kulalamika miguu, akapewa na dawa ya kukojoza maji. Yani analipia dawa moja mara mbili halafu analipia ya tatu kutibu madhara ya zile mbili! Tukampigia daktari wake pale pale, akatoa boksi moja, wiki chache baadae miguu ilipopungua akamtolea na ile ya kukojoza. Nawaomba sana, mkienda hospitali yoyote bebeni dawa zote za nyumbani.

Swali: Nikimeza leo nikaruka kesho si zitakaa muda mrefu?

Jibu: Hapana jamani. Presha haiumi, utajiona mzima huku inapanda kimya kimya, na stroku ikija gharama yake haina mfano. Kama hela imekata, rudi kwa daktari umwambie wazi "hii siiwezi", kuna dawa nyingi za presha na anaweza kukubadilishia.

Swali: Naweza kununua cha miligramu 10 nikakata katikati nipate 5?

Jibu: Kwa baadhi ya dawa inasaidia, maana bei ya 10 na ya 5 wakati mwingine hazipishani sana. Ila muulize mfamasia kwanza, na kidonge kiwe na mstari katikati. Ukiona herufi kama SR, XR au neno Retard kwenye boksi, usikate wala usitwange mpaka uambiwe inafaa, hizo zimetengenezwa zitoke taratibu mwilini, ukitwanga inaingia yote kwa mkupuo.

Swali: Mzee wangu ana miaka 68, hana bima.

Jibu: Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha kwenye vituo vya serikali, anzeni ofisi ya mtaa au kijiji kwa ajili ya utambulisho. Dawa za TB na ARV ni bure kwa kila mtu, usikubali kuuziwa.

Swali: Insulini yangu inaharibika, sina friji.

Jibu: Weka kichupa kwenye kopo lenye mfuniko mzuri, kopo liingie kwenye mtungi wa udongo wenye maji, mtungi ukae kivulini. Usiweke friza kwa jirani, ikishaganda ni ya kutupa hata kama imeyeyuka. Ukishaifungua andika tarehe kwenye kichupa kwa peni, nyingi zinadumu kama wiki 4, na ile inayotakiwa kuwa angavu kama maji safi ukiiona ina ukungu usijichome.