Je, wajua kwa nini Kiingereza kina kitenzi cha kulaza meli ubavu?

Kuna kitenzi cha Kiingereza, "careen", ambacho wengi hukutana nacho kwenye habari za Marekani, gari limeyumba kwa kasi mpaka likatoka barabarani, basi wanadhani ndio maana yake imeishia hapo. Kumbe asili yake ni kazi ya pwani kabisa, kukilaza chombo ubavu ili usafishe sehemu inayokaa majini! Latoka kwa Kilatini carina, yaani mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, likapitia Kifaransa ndio likaingia Kiingereza.

Sasa mbona mtu alaze meli nzima? Manake chombo cha mbao kikikaa sana baharini huota majani na yale magamba makali yanayokata miguu, mwendo unapungua, halafu kuna mdudu wa majini anayetoboa mbao kwa ndani mpaka ubao unakuwa kama sega la nyuki na kwa nje huoni kitu. Huyo ndio hatari zaidi. Meli za zamani zikikosa gudi, yaani mahali maalumu pa kutengenezea meli, zilingoja maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, zisogezwe ufukweni, mzigo unateremshwa pamoja na mizinga, kamba zinafungwa juu kwenye milingoti watu wanavuta mpaka meli inalala, hapo sasa ni kukwangua, kuchoma uchafu kwa moto, kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, na kupaka lami, kisha inageuzwa wafanye ubavu wa pili. Vasco da Gama alisafisha zake hivyo mwanzo wa 1498 mtoni kule Kelimane, Msumbiji, kabla hajafika hapa Mombasa mwezi wa Aprili.

Mafundi wetu wa majahazi wao si lazima wakilaze, maji yakipwa chombo huegemezwa kwa gadi, yaani miti ya kukitegemeza, wakakipiga deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Ile maana ya gari ilikuja baadaye, kuinama ikawa kuyumba, na karne ya 20 Wamarekani wakaongeza kasi, pengine kwa kuwa "career", kitenzi kingine cha kwenda mbio, chafanana nacho kwa sauti. Kuna Waingereza mpaka leo hawakubali, lakini mimi naona zote mbili ni halali, matatu iliyoinama ikikata kona pale Nyali waweza kuisema hivyo na utaeleweka. Ila kwenye maandishi ya mabaharia wa zamani, ukikuta meli inafanyiwa "careen", jua haiendi popote, iko kwenye matengenezo.